Vipande Visivyoiva

Msumeno wa maji ukiwaka, watu wote wa kituoni hujua kwamba Mama Vigae ameingia kazini. Mlio wake ni ule ule unaosikika kwenye nyumba mpya zinapowekwa sakafu: mwembamba, unapanda, unasaga meno, kisha unashuka ghafla kipande kinapoachia. Wageni huziba masikio. Walitarajia kumwona mtu wa koti jeupe, na badala yake wanamkuta mama wa makamo, aproni ya plastiki imemfika vifundoni, miwani ya fundi imemkaa puani, ameinamia meza ya chuma anakata kiumbe hai.

"Hakisikii maumivu?" humuuliza.

"Mimi nakikata kwa upole," huwajibu bila kuinua uso. "Mengine mwulizeni Daktari."

Kukata alifundishwa na mumewe, aliyekuwa fundi sakafu. Mume alipofariki alimwachia msumeno na binti ambaye bado alikuwa na meno ya utoto, na msumeno huo ndio uliowalea wote wawili. Mama akapewa meza nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akawa anawakatia watu vigae kwa vipimo vyao: cha kuzunguka bomba, cha kona ya bafu, cha ngazi. Daktari alimkuta hapo. Siku hiyo alikuwa mtafiti mgeni mjini, kijana mwembamba aliyebeba ndoo ya maji ya bahari kwa mikono miwili, na ndani ya ndoo mlikuwa na tumbawe.

"Mama, shikamoo. Unaweza kunikatia hiki, vipande vya ukubwa wa ukucha, bila kukipasua?"

Mwenye duka alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Mama Vigae alikitazama kile kitu, akauliza kama kina upande wa juu na wa chini, akawasha mashine.

Mengine yote alifundishwa na Daktari, kwenye kituo chake cha kuotesha matumbawe, tena kwa subira. Alimweleza kwamba tumbawe, ingawa linaonekana jiwe, limevikwa ngozi hai yenye vinywa vidogo visivyohesabika. Ukilikata vipande vidogo, kila kipande hukimbilia kuponya jeraha lake, kikakua haraka kuliko kilivyokuwa kikikua katika mwili mkubwa. Kigundishe juu ya kigae kidogo, kitatambaa kutoka katikati kwenda kingoni, polepole, kama mafuta yaliyomwagika mezani. Kikiufikia ukingo pande zote, pale kituoni husema kimeiva. Kilichoiva hupelekwa baharini, wapiga mbizi wakakibandika kwenye mwamba uliokufa.

Kusema kipi kimeiva na kipi bado, hiyo ndiyo ikawa kazi ya Mama Vigae. Daktari alikuwa na vipimo vya maji, wanafunzi, na wafadhili wa kuwajibu. "Kwenye vigae neno lako ndilo la mwisho," alimwambia, naye akalipokea neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba.

Binti yake alikulia kando ya matangi yale. Akitoka shule alikuja na mkoba wake, akala akiwa amesimama, akaning'iniza kichwa juu ya maji mpaka nywele zikalowa. Mpiga mbizi mkuu wa kituo, pande la mtu wanayemwita Kifua, akamfundisha kuzamia. Maji yalimpokea kama yenyewe ndiyo yaliyomzaa. Mama Vigae, ambaye hata kwenye beseni la kufulia hapendi maji yampite viwiko, alikuwa akimwona anavyorudi jioni macho mekundu kwa chumvi, anaongea kwa mikono yote miwili: mama, leo kulikuwa na kasa, mama, leo nimeona tumbawe kubwa kuliko jiko letu. Mama alisema "ehe" na "kweli?" huku akipangusa mashine. Hakuwahi kwenda kuona.

Siku moja binti alipanda ngazi za kituo mbio, anadondosha maji kila mahali.

"Mama! Washa mashine! Upesi!"

Mkononi alikuwa na donge la tumbawe la mviringo, rangi ya haradali, kiasi cha ngumi. Nanga ya boti ya matembezi ilikuwa imeling'oa kwenye mwamba wa nje, nalo likawa linabingirika mchangani. Kituo hakivunji tumbawe zima hata siku moja, huokota yaliyokwisha vunjika tu. Walilikata pamoja, mama akisukuma, binti akipokea. Alama za plastiki zilikuwa zimekwisha stoo, kwa hiyo binti alichomoa rangi ya kucha kwenye mkoba wake, akatia kila kigae doa jekundu.

"Hili letu," alisema. "Likiiva nitalirudisha mwenyewe. Kifua asinyooshe hata kidole."

"Kidole changu kina kazi zake," Kifua akajibu mlangoni.

Kabla halijaiva, binti alipata kazi nchi ya mbali. Mkataba wa miaka miwili. Aliondoka na sanduku moja na suti yake ya kuzamia, akaahidi kurudi mapema.

Mwaka huo huo bahari ikashikwa na joto. Maji yalikaa ya vuguvugu wiki baada ya wiki. Matumbawe ya mwamba wa nje yakapauka, yakawa meupe kama mifupa, kisha yakaota mwani wa kijivu. Yale ya mviringo, ya rangi ya haradali, hayakubaki hata moja. Nanga na mchanga vilikuwa vimeyaandama tangu zamani, na joto likamalizia. Kifua alipotoka majini siku ile alikaa ukingoni mwa boti bila kuvua viatu vyake vya kuogelea, na hakuna aliyemtania. Kituoni nako mashine ya kupoza maji ilizidiwa. Vipande vingi kwenye matangi vikafifia. Vya doa jekundu havikutetereka. Viliendelea na rangi yao ile ile.

Vikaiva. Mama Vigae akaviona vimefika ukingoni pande zote, vimenona. Jumapili yake binti akapiga simu: "Mama, mwakani nakuja. Lazima."

Mama akafikiri, basi visubiri. Lakini tumbawe lililoiva halisubiri. Likiachwa kwenye meza ya tangi linaruka ukingo wa kigae, linamgusa jirani, na jirani akiwa wa mama mwingine, yaani amekatwa kwenye tumbawe jingine, wanaanza kuunguzana, mpaka mmoja awe mweupe. Njia ya kulizuia ni moja tu. Akawasha msumeno, akavikata tena vipande, akavigundisha kwenye vigae vipya, akavitia doa jekundu. Havikuwa vimeiva tena.

Mwaka wa pili vilipoiva, binti alisema mwakani. Msumeno ukalia. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Ilipofika siku ya kuchagua vya kwenda baharini, Mama Vigae alipita mezani na trei yake, akichukua huyu, akimwacha yule, na akifika kwenye madoa mekundu alisema "bado" kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakuna aliyemuuliza. Na kwa kuwa kila kukata ni kuzidisha, vile vigae vichache vya mwanzo vilijaza meza nzima, ile ya tatu, vikavuka kwenda ya pili.

Jumamosi kituo hufungulia watu milango. Huja familia, wanafunzi, wastaafu, na wale waliopita tu wakavutwa na sauti ya pampu. Daktari huwaambia anachoweza kufanya mtu asiyejua hata kuogelea. Huwagawia kadi yenye viwango vya rangi, kuanzia hudhurungi iliyokolea hadi nyeupe: ukienda ufukweni maji yakiwa yametoka, piga picha ya tumbawe karibu na kadi, tutumie, nasi tutajua linapaukia wapi kabla mambo hayajaharibika. Mwenye boti afunge kwenye boya, asitupe nanga. Mwenye miguu asisimame juu ya tumbawe. Mwenye nafasi aje Jumapili asubuhi atusaidie kusugua mwani kwenye vitalu.

"Na mwenye hela?" mtu mmoja akauliza nyuma.

"Huyo tunamwandalia kiti."

Watu wakacheka. Jumamosi hiyo alikuwepo bwana mmoja mwenye tumbo lake, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo. Alisubiri hadi wengine wakatawanyika, akakifungua juu ya meza ya Mama Vigae kwa uangalifu wa mtu anayembadilisha mtoto nepi. Lilikuwa tumbawe kavu, jeupe, limepakwa vanishi.

"Mama, hili lilikuwa juu ya kabati la televisheni, miaka yote. Nimesikiliza pale nikaona aibu. Nimekimbia nyumbani kulileta. Mnaweza kulifufua?"

Mama Vigae alilitazama, akamtazama na yeye. "Baba, hili ni marehemu."

"Hata mkilitia dawa?"

"Hata tukilitia maombi."

Yule bwana akashusha mabega. "Sasa nifanye nini nalo?"

"Rudi nalo kabatini. Mgeni akilisifia, mwambie limekufa na asinunue lake."

Alikubali, lakini hakuondoka upesi. Alizungukazunguka matangi, taulo begani, akisoma kila kitu. Akasimama kwenye meza ya tatu.

"Daktari!" akaita. "Hivi vyenye doa jekundu ndivyo vya kuuza? Maana naona mmevitengeneza vingi kweli."

Daktari akacheka. "Hatuuzi, mzee." Akasogea kumwelekeza. Kisha akatazama ile meza, na ya pili yake, akaacha kucheka.

Wageni walipokwisha kuondoka, Daktari alirudi pale peke yake. Alitoa kigae kimoja majini, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mama Vigae alikuwa anakunja aproni. Aliendelea kuikunja hata ilipokwisha kukunjika.

"Mama, hivi havijaiva?"

"Bado."

"Miaka mitatu?"

Mama Vigae aliitundika aproni ukutani.

"Mimi nilidhani ni wagonjwa," Daktari alisema. "Nilijiambia, Mama anawauguza, nisimsumbue. Lakini huyu si mgonjwa. Huyu amekatwa akapona, akakatwa akapona. Mistari ya msumeno hii hapa." Alikirudisha kigae majini polepole. "Ni la binti yako, siyo?"

"Alisema atalipanda mwenyewe."

Daktari aligeuza ndoo tupu, akaikalia. Alikuwa amenenepa kidogo tangu siku ile ya dukani, na mvi mbili tatu zilikuwa zimemwotea masikioni.

"Mashine ya kupoza ilipozidiwa, hivi havikupauka. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nilivikeshea."

"Basi huko nje hakuna tumbawe la aina hii lililobaki. Hakuna. Joto lingine likija, la kulistahimili ni huyu, na huyu yuko humu ndani kwenye beseni letu. Na humu ndani ikizuka homa moja tu inayompata yeye, nusu ya matangi imekwenda."

"Unaniambia nimekosea."

"Nakuambia Jumanne boti inatoka, na ndiyo safari ya mwisho. Baada ya hapo maji yanaanza kupata moto, hatupandi tena hadi mwakani." Alisimama, akapangusa suruali. "Vingi hapa vimebakiza unywele tu kufika ukingoni. Neno la mwisho bado ni lako, sikunyang'anyi. Ila nikikuuliza Jumatatu, mama yangu, usiniambie bado kama siyo bado."

Mama Vigae anaishi na dada yake mkubwa, mjane kama yeye, mwanamke wa maneno mengi na magoti mabovu. Nyumba yao ina sebule moja yenye sakafu ambayo hakuna vigae viwili vinavyofanana, kwa kuwa ni mabaki ya kazi za miaka. Jumapili dada mtu alimkuta ameketi, bakuli la mchele mapajani, anachagua mchele uliokwisha chaguliwa.

"Utautoboa huo mchele. Una nini?"

Akamweleza.

Dada alimsikiliza, jambo lisilo la kawaida. "Kwa hiyo umemkata mtoto wa watu vipande miaka mitatu ili asikue."

"Anakua. Ndiyo shida yenyewe."

"Wewe mdogo wangu ukipewa mlango utaukata vipande ili mtu asitoke."

Simu ikaita. Binti hupiga Jumapili baada ya chakula cha mchana, na simu huegemezwa kwenye kopo la sukari ili wote wawili waonekane. Alitokea amevaa sweta shingoni mpaka kidevuni, dirisha nyuma yake la kijivu.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko hawali?"

"Mama mkubwa, kila Jumapili nimekonda. Ningekuwa nimeshakwisha."

Walicheka. Kisha binti akavuta pumzi, na mama yake, anayemjua, akaweka bakuli chini.

"Mama, wamenipa mkataba mwingine. Siyo wa miaka miwili. Wa kudumu."

"Hongera mwanangu." Lilitoka vizuri, hata yeye alishangaa. "Kwa hiyo mwakani..."

"Nitakuja likizo nikiipata. Mama, sitaki kukudanganya tena. Kila mwaka nasema mwakani, na naona unavyofurahi, halafu nakata simu nalia. Sijui nitarudi lini kuishi."

Dada mkubwa alijifanya anatafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.

"Kazi yenyewe ikoje siku hizi?" mama akauliza, apate pa kupitishia sauti.

"Ile ile. Nguzo za madaraja. Maji ya huku, mama, ni kama kuzamia ndani ya kahawa, tena kahawa iliyopoa. Sioni hata mkono wangu. Napapasa zege natafuta nyufa. Kufumba macho na kufumbua ni sawa." Akavuta kola ya sweta. "Nikiingiwa na hofu nalifikiria lile tumbawe letu. Najiambia liko pale chini kwenye mwanga, samaki wanalipita. Mikono inatulia, naendelea na kazi. Sasa hivi limefika ukubwa gani?"

Mama Vigae alitazama kopo la sukari.

"Si ulisema utalirudisha mwenyewe?"

"Ah, mama! Nilikuwa na utoto bado. Nilijua mtalishusha tu likiiva, lingewangoja mpaka lini? Mlilipanda upande gani?"

Dada mkubwa aliacha kutafuta miwani.

"Upande unaoingia jua," Mama Vigae alisema.

"Ule wa juu? Penye mgongo?"

"Huo huo."

Binti alitabasamu, na tabasamu lile lilikaa usoni mwake muda mrefu kuliko mtandao ulivyoweza kulibeba. Picha iliganda hivyo, kisha ikakatika.

"Umemdanganya mtoto," dada akasema.

"Nimemdanganya siku mbili tu. Jumanne itakuwa kweli."

Jumatatu asubuhi watu wa kituoni walisubiri mlio wa msumeno, hawakuusikia. Kifua akaingiza kichwa mlangoni.

"Mama Vigae, umeme umekatika?"

"Umeme upo."

"Basi umekatika wewe."

"Nisaidie trei, acha mdomo."

Alipita meza ya tatu na ya pili, kigae kimoja kimoja, akikizungusha kwa vidole kutazama ukingo. Vilivyofika alivitoa. Vilivyobakiza unywele alivishika kwa muda, akavitoa navyo. Mara moja macho yalimwendea swichi ya msumeno, pale ukutani, na mkono ukataka kuyafuata. Aliutia mfukoni mwa aproni, ukakaa humo mpaka ulipotulia. Kituo hubakiza vipande vichache vya kila mama kwa ajili ya mbegu. Daktari alipomwambia avichague, alikataa.

"Chagua wewe. Mimi nikichagua, sitamaliza."

Daktari alivichagua. Hakuuliza kama vingine vimeiva.

"Na kesho nakwenda nanyi," akasema Mama Vigae.

Kifua alikuwa amebeba trei, nusura aiangushe. "Wewe? Baharini? Wewe unayefua kwa glavu?"

"Nimesema nakwenda. Nataka vipandwe penye mgongo, upande unaoingia jua."

"Huko mawimbi yanapiga, mama yangu. Nilikuwa nimepanga bondeni, kazi ya nusu siku."

"Bondeni hapana."

Kifua akamgeukia Daktari. Daktari akafikiri. "Aina hii ndipo ilipokuwa zamani, mgongoni," akasema. "Mawimbi inayamudu. Nanyi mtamudu."

Boti ilipoondoka Jumanne, Mama Vigae alikaa katikati kabisa, jaketi la kuokolea limefungwa mpaka shingoni, mikono imeshika ubao, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Alitapika mara moja, kwa adabu, kwenye ndoo. Walipofika, mwendesha boti alivuta boya kwa fimbo yenye ndoana, akafunga kamba. Kifua na wenzake wakazama na trei. Kazi ya Mama Vigae ilikuwa kukanda gundi, inayokandwa kama unga na kukauka hata majini, na kuishusha kwa kikapu kila kamba ilipovutwa.

Gundi ilipokuwa ya kutosha, Daktari alimpa ndoo iliyowekwa kioo chini badala ya kitako.

"Ikalishe juu ya maji, weka uso ndani. Nakushika."

Alikataa. Halafu akakubali, shingo upande, akainama.

Mwanzoni aliona mwanga tu ukicheza. Kisha chini pakajipanga: mgongo wa mwamba, mpana, wa kijivu, wenye maumbo makubwa ya mviringo kama mapipa yaliyozikwa nusu. Yote yamekufa. Miale ya jua iliteremka ikitikisika mpaka juu yake. Kulikuwa na samaki, wachache. Kulikuwa na kina, rangi, na ukimya ulioonekana kwa macho. Akakumbuka jioni zile zote, mikono miwili ikichora hewani, na yeye anapangusa mashine anasema ehe. Ni hapa. Mtoto alikuwa akija hapa kila siku, akirudi akimletea mahali hapa pazima pazima mpaka mlangoni, na yeye hakuinua macho. Sasa anapaona, na wa kumwambia "mama, tazama kule" hayupo.

Machozi yaliingia ndani ya ndoo, akashindwa kuona. Akaipangusa kwa ncha ya kanga, akairudisha.

Chini, Kifua alikuwa amepiga magoti kando ya umbo moja la mviringo. Alilisugua kwa brashi, vumbi la mwani likapeperuka. Akabandika kipande cha kwanza, akakishikilia, akaachia. Cha pili, kando yake. Cha tatu. Kwa kuwa vyote ni vya mama mmoja, vikikua vikagusana havipigani. Huungana bila kuacha mshono, mpaka lile umbo lililokufa livikwe tena ngozi nzima. Madoa ya haradali yaliongezeka juu ya kijivu. Samaki mmoja akaja, akadonoa kimoja, akaona hakibanduki, akaenda zake.

"Daktari," akasema bila kutoa uso ndani ya ndoo, "nipigie picha."

Daktari alifunga simu yake katika mfuko wa plastiki, akaizamisha ubavuni mwa boti, akapiga nyingi kwa kubahatisha. Moja ilitoka safi: mgongo wa mwamba, mkono wa Kifua, na vipande vyenyewe, vimepangwa, kila kimoja na nafasi yake, gundi bado nyeupe.

"Mtumie mwanangu. Mwambie ni mimi."

Daktari alimtazama. Alikuwa amesimuliwa yote wakati wa kukanda gundi. "Mama, yule ni mpiga mbizi. Akiona gundi hii atajua ni ya leo."

"Najua atajua. Tuma."

Minara ya simu ya mjini ilionekana kutoka pale, ujumbe ulikwenda. Mama Vigae alishika simu kwa mikono miwili iliyokauka gundi. Huko kwa binti huenda ilikuwa asubuhi ya baridi, huenda alikuwa chini ya daraja. Walishusha kikapu kimoja, wakapandisha kitupu, wakashusha kingine. Ndipo simu ikatetemeka.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa neno moja. *Mama.*

Wa pili ulichelewa. *Hivi ni vya leo.*

Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, kama anavyoandika siku zote. *Ndiyo. Nilikuwa nakungoja.*

Simu ikakaa kimya muda mrefu sana. Mwendesha boti akaangalia jua, akakohoa. Kisha zikaja mbili zikifuatana.

*Ni pale penye mgongo kweli. Nimepajua.*

*Vimeachana kiasi gani?*

*Upana wa kidole,* akaandika.

*Kidole cha nani?*

Mama Vigae alitazama ndani ya maji, akaona lile pande la mtu limepiga magoti, mkono kama koleo, linapima nafasi kati ya kipande na kipande.

*Cha Kifua.*

*Hahaha! Mama! Basi vitachukua miaka mingi kufikiana.*

Aliusoma ujumbe huo mara mbili. Akampa Daktari simu yake, akavuta ndoo ya kioo, akainama tena kutazama.